Vidonge vya Mahindi na Baridi ya Meru

Masika yakikatika na mahindi yakakauka shambani, Arusha huingia msimu wa magunia. Kuanzia Julai malori hushusha mzigo kutoka Karatu, Mbulu, Babati na Kiteto, na maghala ya karibu na Soko la Kilombero na mitaa ya Unga Limited hujaa mpaka mlangoni. Mfanyabiashara anayenunua sasa hana haraka ya kuuza. Anangoja bei ipande baada ya mwaka mpya, au mnunuzi wa Nairobi atakayevusha mzigo pale Namanga. Lakini kati ya kununua na kuuza kuna miezi, na miezi hiyo ni ya wadudu. Kuna fukusi, na kuna mbaya zaidi yake: dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati aliyeonekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, ambaye wakulima walimbandika jina la Skania. Gunia la dumuzi likifunguliwa Januari hutoa unga wa vumbi na punje zilizobaki maganda.

Ndipo vinapoingia vidonge. Ghalani huitwa vidonge vya mahindi, au Phostoxin hata kama kopo limeandikwa jina la kampuni nyingine. Ndani yake mna alumini fosfaidi. Kidonge kikiwa ndani ya kopo lake kavu, lililofungwa vizuri, kimetulia. Kikikutana na unyevu, hata huu uliomo hewani, huanza kuvunjika na kutoa gesi inayoitwa fosfini. Gesi hiyo ndiyo inayoua mdudu. Hupenya katikati ya punje, huingia kwenye tundu alimojificha buu, na ikifanya kazi yake barabara hufika hata kwenye yai. Kisha hewa ikipitishwa gesi huondoka, na mahindi huliwa bila shida. Kwa kazi ya kulinda chakula kingi kwa gharama ndogo, dunia haijapata mbadala wake ulio rahisi, hasa tangu gesi ya methili bromaidi ilipoondolewa kwenye matumizi ya kawaida chini ya Itifaki ya Montreal, ambamo nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2015. Sisemi vidonge hivi vipigwe marufuku. Ninasema vinashikwa kana kwamba ni chumvi ya mawe, na watu wanalala navyo.

Tupige hesabu kidogo. Kidonge cha kawaida kina uzito wa gramu 3 na hutoa gramu 1 ya fosfini. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye dari ya mita 2 na nusu, kikifungwa na gesi ya kidonge kimoja ikaenea yote, hewa ya humo itakuwa na fosfini takriban mara 100 ya kiwango ambacho mfanyakazi anaruhusiwa kukivuta kwa siku ya kazi, yaani sehemu 0.3 katika kila milioni. Hapo tumesema kidonge kimoja tu, na ghalani huwekwa kwa tani, viwili au vitatu kwa kila tani ya mahindi. Ghala la tani 30 lina vidonge 60 hadi 90 chini ya turubai. Fosfini ikishaingia mwilini huzizuia seli zisitumie oksijeni, kwa hiyo viungo vinavyohitaji oksijeni nyingi ndivyo vinavyoanguka kwanza: moyo, mapafu, ubongo. Dawa ya kuifuta haipo. Hilo ndilo jambo ambalo kila anayeshika kopo angepaswa kuambiwa kabla ya kuambiwa bei.

Wengi hutegemea pua. Wanasema ukisikia harufu ya vitunguu saumu, au ya kabaidi, au ya samaki aliyeoza, ujue gesi ipo. Ni kweli, na ukiisikia toka mara moja. Ila harufu ile hutokana na takataka zilizochanganyika na gesi. Fosfini iliyo safi haina harufu. Baadhi ya vidonge hutengenezwa vitoe pia amonia ili pua iwashwe mapema, lakini nafaka yenyewe huweza kuzinyonya harufu hizo huku gesi ikibaki. Kutosikia harufu hakuthibitishi kwamba ghala liko salama. Linalothibitisha ni kipimo, ama kile cha kielektroniki kinachoshikwa mkononi au mirija ya kioo inayobadilika rangi. Mwenye ghala anayeweza kununua mahindi ya mamilioni anaweza kununua kipimo.

Sasa nifike kwenye jambo linaloihusu Arusha kuliko Dar es Salaam au Tanga, na ambalo sioni likisemwa. Mji huu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Julai, msimu uleule wa magunia, jua hupotea siku nzima nyuma ya mawingu ya Meru na usiku joto hushuka hadi karibu digrii 12. Vijiji vya mteremkoni, Ilkiding'a na vinginevyo vya juu, huwa na baridi zaidi ya hiyo. Na kidonge hufuata joto. Pwani, kwenye joto na unyevunyevu, huachia gesi haraka. Kwenye baridi huachia polepole, na mdudu naye hupumua polepole, kwa hiyo gesi humchukua muda mrefu kumuua. Wakulima wa nafaka wa Australia, ambao wameichunguza gesi hii kwa miaka mingi, hufuata kanuni hii: joto la nafaka likizidi digrii 25, ghala lifungwe siku 7, likiwa kati ya 15 na 25, siku 10, likishuka chini ya 15, fosfini isitumike kabisa. Baada ya hapo ghala lisilo na feni hupitishiwa hewa siku 5.

Mtu aliyejifunza kazi hii kwenye joto la pwani akija Arusha na hesabu zake za siku tatu au nne atafungua ghala mapema. Kwanza, mayai na mabuu watakuwa wazima, na baada ya wiki chache mahindi yataanza kubunguliwa upya; atarudia kuweka vidonge, na kila akirudia kwa kipimo pungufu au chini ya turubai linalovuja anawaacha hai wadudu wenye kustahimili, ambao ndio watakaozaana. Usugu wa namna hii ulishaonekana katika nchi nyingi tangu miaka ya 1970. Pili, na hili ndilo linaloniuma, vidonge vyenyewe havijamaliza. Makuli wanaingia kubeba magunia wakati gesi bado inatoka. Vijana hawa hulipwa kwa gunia, hupumua kwa nguvu kwa sababu wamebeba mzigo mzito, na mchana wakichoka hulala kidogo juu ya magunia yaleyale. Kichwa kikiwauma jioni wanasema ni jua, ingawa Julai hiyo hakuna jua.

Tazama tena jinsi tunavyojenga. Unga Limited, Kaloleni, Ngarenaro: nyumba ya kupanga yenye vyumba sita chini ya bati moja, kuta za ndani haziendi mpaka juu, na chumba kimoja kimegeuzwa stoo ya mwenye nyumba au ya mfanyabiashara mdogo. Fosfini ni nzito kidogo kuliko hewa, lakini haikai mahali pamoja. Hupita kwenye nyufa za ukuta, chini ya mlango, juu ya dari, popote hewa inapopita. Mpangaji wa chumba cha pili hajui kilichowekwa cha kwanza. Mtoto mchanga yuko hatarini kuliko mama yake, kwa sababu kwa kila kilo ya mwili wake anavuta hewa nyingi zaidi. Kama ningeruhusiwa kuweka sharti moja tu katika mji huu, lingekuwa hili: vidonge visiwekwe katika jengo lolote ambalo mtu analala, wala jengo lililopakana nalo ukuta. Kufunga mlango na kuziba chini kwa matambara hakutoshi.

Anayedhani nakuza mambo na asikilize kilichotokea Layton, katika jimbo la Utah, Marekani. Februari 2010 fundi wa kuua wadudu aliweka vidonge vya aina hii kwenye mashimo ya panya nje ya nyumba ya familia. Alikuwa nje, kwenye udongo. Gesi ilipita ardhini ikaingia ndani, na watoto wawili wa kike wa nyumba hiyo walikufa. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilikataza kuvitumia kwenye maeneo ya makazi na ikaongeza umbali wa lazima kutoka kwenye majengo wanamokaa watu, mita 30 hivi badala ya mita 5. Ndugu zetu walioko Ghuba nao wanalijua jambo hili. Sharjah, Ajman na Jeddah kumekuwa na vifo vya watoto waliolala katika fleti ambazo jirani yao alitumia vidonge hivi kuua kunguni. Hapa kwetu pia yupo mtu anayewaza kunguni na panya anapoviona dukani. Asiguse. Hakuna namna ya mtu wa kawaida kuvitumia ndani ya nyumba ikawa salama.

Halafu kuna maji. Januari 2017, huko Amarillo, Texas, mtu mmoja alikuwa ameweka dawa ya aina hii chini ya nyumba yake. Harufu ilipozidi, alichukua mpira wa maji akaanza kuiosha. Ni jambo ambalo yeyote kati yetu angelifikiria: kitu kinanuka, kimwagie maji. Maji yaliamsha kila kilichobaki kwa mara moja, gesi ikapanda ndani, na watoto wanne wakafa. Waokoaji waliofika kwanza walidhani ni moshi wa jiko au wa gari, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuhusu dawa, na baadhi yao walipelekwa hospitali pia.

Kwa Arusha, maji hayaji kwa mpira tu. Yanakuja kwa bati linalovuja masika, au kwa mvua ya ghafla juu ya lori lililofunikwa turubai bovu. Vidonge vilivyorundikwa pamoja vikilowa hutoa gesi nyingi na joto pamoja, na fosfini ikizidi kiwango fulani hewani huwaka yenyewe. Ndiyo sababu havirundikwi. Hutandazwa kwenye sinia au karatasi, kimoja kimoja, visigusane. Na moto wa vidonge hivi hauzimwi kwa maji hata kidogo. Huzimwa kwa mchanga mkavu au unga mkavu wa mtungi wa kuzimia moto. Ghala lenye vidonge bila ndoo za mchanga mkavu mlangoni halijakamilika.

Basi ikitokea? Mtu ameonekana amelala ghalani, au mpangaji anatapika na kushika kifua, au harufu imetanda uani. Kitu cha kwanza ni watu kutoka, wote, wakiacha milango wazi nyuma yao, na kusimama mbali upande upepo unakotoka. Hakuna kurudi kuchukua simu. Na hakuna kuingia kumvuta aliyeanguka, hata kama ni mdogo wako, isipokuwa una kifaa cha kupumulia chenye mtungi wa hewa. Najua sentensi hiyo ni ngumu. Barakoa ya hospitali, kitambaa kilicholoweshwa, leso puani, vyote hivyo havizuii gesi. Anayeingia navyo anakuwa mgonjwa wa pili, na aliye nyuma yake wa tatu. Watu wa Arusha wanaijua hewa inayoua bila kelele: Juni 2002 makumi ya wachimbaji wa tanzanaiti walikufa Mirerani baada ya mashine ya kuwapelekea hewa safi shimoni kushindwa. Aliyeanguka karibu na mlango, anayeweza kufikiwa kwa mkono ukiwa umesimama nje, mvute. Aliye ndani zaidi ni kazi ya Zimamoto.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Anayepiga aseme maneno matatu kabla ya yote: vidonge vya mahindi. Maneno hayo yanabadilisha kila kitu, kuanzia vifaa watakavyovaa mpaka uamuzi wa kutofungulia maji. Vilevile umati usisogee. Kuizunguka ajali ni tabia yetu ya miaka mingi, na Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, ilichukua maisha ya zaidi ya watu 100 kwenye lori la mafuta lililolipuka. Gesi hii huweza kuua bila mlipuko wowote wa kuwatahadharisha waliosogea.

Aliyetolewa nje akae kwenye hewa safi, asitembezwe, kwa sababu moyo wake tayari unahangaika. Nguo zenye vumbi la vidonge zivuliwe nje, vumbi likung'utwe kwanza, ndipo mwili uoshwe kwa maji mengi. Asipelekwe hospitali kwenye gari lililofungwa vioo. Kama hapumui, asipuliziwe kwa mdomo. Pumzi yake inaweza kuwa na gesi, na wahudumu wana mpira maalumu wa kumpulizia. Ikiwa mtoto amemeza kidonge, asilazimishwe kutapika na asinyweshwe maziwa wala maji. Maziwa yamekuwa tiba ya kila sumu katika nyumba zetu kwa vizazi, lakini kidonge hiki kinangoja majimaji tu.

Hospitalini, Mount Meru au kwingineko, mgonjwa huyu hufika na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kutapika, kikohozi, kifua kubana. Orodha hiyo ni ya malaria, ni ya chakula kibovu, ni ya nimonia. Daktari asipoambiwa kuhusu ghala atamtibu kwa anachokiona, na hatalaumika. Anayempeleka achukue lebo ya kopo, au aipige picha kwa simu. Tiba iliyopo ni oksijeni, kushikilia shinikizo la damu na kuuangalia moyo saa kwa saa. Na mgonjwa akijisikia nafuu jioni asirudishwe nyumbani haraka, kwa kuwa mapafu yanaweza kujaa maji siku moja au mbili baadaye. Nchini kuna kituo cha kitaifa cha kudhibiti matukio ya sumu chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambacho wahudumu wanaweza kukiomba ushauri.

Baada ya ufukizaji hubaki unga wa kijivu pale kidonge kilipokuwa. Unga huo huonekana umekufa, kumbe ndani yake huweza kubaki sehemu ndogo ambayo haijavunjika. Haufagiliwi ukatupwa dampo, wala haufungwi kwenye mfuko wa plastiki. Huchukuliwa kwa glovu kavu mpaka uwanjani, mbali na watu na mifugo, na kumiminwa taratibu kwenye ndoo iliyojaa maji yenye sabuni, huku ukikorogwa, kisha huachwa hapo siku moja na nusu bila kufunikwa. Unga ndio unaoingizwa kwenye maji mengi. Maji hayamwagwi juu ya unga.

Mji wenye kila sababu ya kuifanya kazi hii vizuri kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki ni Arusha. Ngaramtoni, kando ya barabara ya Namanga, ndipo ilipokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, ambayo mizizi yake ni kitengo kilichoanzishwa Entebbe mwaka 1945 kikahamishiwa hapa, kikawa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika 1977 kikabaki kwetu na kupewa sheria yake mwaka 1979. Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 iliunda mamlaka mpya, TPHPA, iliyorithi kazi hiyo: kusajili viuatilifu, kukagua maduka, kutoa vibali kwa wafukizaji. Makao makuu ya nchi nzima ya jambo hili yako mwendo mfupi wa daladala kutoka Soko la Kilombero. Sioni sababu ya kuli wa Kilombero kutowahi kuona mtu wa Ngaramtoni.

Ninachokitaka si kikubwa. Kila ghala linalofukizwa liwe na kibao mlangoni, kwa Kiswahili, chenye fuvu, jina la dawa, idadi ya vidonge, siku vilipowekwa, siku ambayo ghala litafunguliwa na namba ya simu ya mfukizaji. Zimamoto ya mkoa ipewe orodha ya maghala hayo kila Julai. Kidonge kisiuzwe nje ya kopo lake. Anayekuuzia vitatu vimefungwa kwenye karatasi, kwa sababu umesema una magunia machache, amekuuzia gesi bila maelezo. Na mzigo wenye vidonge vinavyofanya kazi usipande barabarani, maana utingo hulala juu ya magunia usiku kucha.

Mwenye magunia matano hana haja ya gesi hata kidogo. Ayaanike mahindi mpaka yakauke hasa, yafike unyevu wa asilimia 13 hivi. Asiye na kipimo achukue chupa kavu, atie konzi za mahindi na chumvi kavu, atikise, akiona chumvi imeganda kwenye kioo arudishe mahindi juani. Kisha ayatie kwenye mifuko ile ya tabaka isiyopitisha hewa, maarufu kwa jina la kinga njaa, aifunge kwa kamba mpaka pumzi isipite. Wadudu waliomo hutumia oksijeni iliyobaki na kufa wenyewe. Kiwanda cha A to Z, cha hapahapa Arusha, hutengeneza mifuko ya namna hiyo. Bei ya mfuko ni kubwa kuliko ya kidonge, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja usipotobolewa na panya, na unaweza kuuweka chini ya kitanda cha mtoto.